Luger P08 na Historia Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakusanyaji Wapya

Maswali haya ni ya mtu aliyerithi, aliyenunua au anayetafuta bastola ya Luger na anataka kujua ilitengenezwa lini, na nani, na imepitia wapi. Hapa hatufundishi kulenga shabaha. Tunasoma chuma. Luger inafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa karibu kila kipande chake kina namba, na Wajerumani waligonga chapa katika kila hatua: kiwandani, kwenye ukaguzi, kikosini, hadi kwenye karakana za matengenezo.

Luger ni bastola gani, na ilianzia wapi?

Georg Luger alizaliwa Austria mwaka 1849. Hakubuni kila kitu mwenyewe. Kabla yake kulikuwa na bastola ya Hugo Borchardt ya mwaka 1893, iliyotengenezwa na kampuni ya Ludwig Loewe mjini Berlin. Ilifanya kazi vizuri, lakini ilikuwa kubwa na springi yake ilikaa kwenye uvimbe nyuma ya mkono, kwa hiyo ilichosha kuishika. Luger alibaki na kile kiungo cha juu kinachojikunja kama goti kila risasi inapotoka, akahamishia springi ndani ya mpini, kisha akauinamisha mpini ufuate mkono. Mtengenezaji alikuwa DWM, kampuni iliyoundwa mwaka 1896 kutokana na ile ya Loewe.

Uswisi ndiyo iliyotangulia kuipokea jeshini, mwaka 1900, kwa risasi ya milimita 7.65. Wajerumani walitaka risasi nzito zaidi, na hapo ikazaliwa ile ya milimita 9 ambayo leo inatumiwa na majeshi na polisi karibu dunia nzima. Jeshi la majini la Ujerumani liliipokea mwaka 1904, jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Ndiyo maana inaitwa P08.

Nikiishika kwa mara ya kwanza nifanye nini?

Elekeza mtutu mahali salama na uweke kidole mbali na kifyatulio. Toa magazini. Vuta kiungo cha juu hadi mwisho na utazame ndani ya chemba kwa macho yako. Usitegemee neno GELADEN linalotokeza ubavuni mwa kichomoa ganda kuonyesha kwamba kuna risasi, kwani springi yake ina umri wa miaka mia moja.

Kuna hatari nyingine ambayo wageni wa bastola hii hawaitarajii. Sehemu yote ya juu, pamoja na mtutu, huchomolewa kwenye fremu. Ikiwa risasi imebaki chembani, sehemu hiyo iliyochomolewa inaweza kufyatuka mkononi ukibonyeza kipande kidogo kilicho ubavuni mwake. Polisi wa Ujerumani waliijua hatari hiyo, na katika miaka ya 1930 wakaongeza kizuizi juu ya bamba la pembeni. Ukiona kizuizi hicho kwenye Luger yako, umekwisha kupata dalili ya kwanza ya historia: huenda ilipita kituo cha polisi.

Kama hujawahi kushika silaha, mwite mtu mwenye leseni na uzoefu aikague kwanza. Historia itakusubiri.

Je, sheria inaruhusu kuwa nayo?

Inategemea unakoishi, na umri wa bastola peke yake haukukingi. Marekani huhesabu silaha kuwa ya kale iwapo ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla, kwa hiyo Luger ya kijeshi haimo; huingia katika kundi la silaha za kihistoria zenye zaidi ya miaka 50, na wakusanyaji wana leseni yao maalumu. Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi mwaka 1997, ikaacha njia nyembamba kwa zile za kihistoria zilizotengenezwa kabla ya 1919. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Katika nchi hizi mbili usiguse biashara yoyote ya bastola, hata iliyojaa kutu, kabla ya kuongea na polisi au bodi ya leseni. Ukiikuta kwenye sanduku la marehemu, toa taarifa. Usiisafirishe kwenye begi kwenda kumwonyesha mtaalamu.

Namba ya bastola yangu ni 5432. Ilitengenezwa lini?

Kwa namba hiyo peke yake hakuna anayeweza kukujibu, na anayejibu haraka usimwamini.

Kwa bastola za kijeshi, kiwanda kilianza na namba 1 kila mwaka na kwenda hadi 10,000. Baada ya hapo kilirudi kwenye 1 na kuongeza herufi ndogo: a, kisha b, kisha c, na kuendelea. Kwa hiyo mwaka mmoja tu ungeweza kutoa 5432 bila herufi, 5432 a, 5432 b na kadhalika. Mwaka uliofuata mzunguko ulianza upya, na kiwanda cha pili kilikuwa na mzunguko wake. Ili kuitambulisha bastola moja unahitaji vitu vitatu kwa pamoja: kiwanda, mwaka, na namba kamili pamoja na herufi yake. Herufi hiyo hukaa mbele ya fremu chini ya namba, na kwa kuwa ni ndogo na iliyoandikwa kwa mkato wa Kijerumani, watu wengi huipita bila kuiona.

Namba kamili utaiona pia ubavuni mwa kushoto wa sehemu ya juu na chini ya mtutu. Vipande vidogo, kama kifyatulio, kizuizi cha usalama, bamba la pembeni na viungo vya juu, vina tarakimu mbili za mwisho tu. Bastola ya 5432 inatakiwa kuwa na 32 kila mahali. Ukikuta 32 kwenye vipande vyote na 71 kwenye bamba la pembeni, basi bamba hilo lilitoka kwenye bastola nyingine. Labda fundi wa jeshi alilibadilisha mwaka 1917, labda muuzaji mwaka 1985. Tofauti ya bei kati ya bastola yenye namba zote zinazolingana na yenye kipande kimoja kigeni ni kubwa, na wakusanyaji hubishana sana kuhusu hilo. Kwa maoni yangu, kipande kilichobadilishwa vitani ni sehemu ya maisha ya bastola na hakiiaibishi. Kinachoiaibisha ni namba iliyosagwa na kugongwa upya ili ilingane.

Nambari chini ya mtutu kama 8,82 au 8,83 si tarehe wala namba ya kikosi. Ni kipimo cha ndani cha mtutu kwa milimita.

Maandishi juu ya kile kiungo yana maana gani?

Hapo ndipo lilipo jina la mtengenezaji. Herufi za DWM zilizofungamana kwa maua ya mchoro ni za Berlin. Taji juu ya neno ERFURT ni la kiwanda cha serikali ya Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati huo, kilichoongeza nguvu miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza. Mwaka hugongwa juu ya chemba, mbele ya kiungo hicho: 1911, 1914, 1917. Bastola zilizouzwa kwa raia mara nyingi hazina mwaka kabisa.

Baada ya vita, Mkataba wa Versailles uliibana Ujerumani, na jeshi dogo lililobaki lilinunua kwa Simson & Co. wa Suhl. Jina hilo nakuomba ulitazame kwa heshima. Simson ilikuwa kampuni ya familia ya Kiyahudi, na Wanazi waliwanyang'anya katikati ya miaka ya 1930. Luger yenye jina la Simson ni ushahidi wa chuma kwamba jeshi la Ujerumani lilivaa silaha iliyotengenezwa na watu ambao dola lilikuja kuwapora mali yao.

Mwaka 1930 mashine za Luger zilihamishwa kutoka Berlin kwenda kiwanda cha Mauser, mjini Oberndorf. Wakati Hitler akijizatiti kwa siri, jina la kiwanda lilifichwa kwa alama S/42, na hata mwaka ukafichwa: herufi K badala ya 1934, herufi G badala ya 1935. Kuanzia 1936 mwaka ukarudi hadharani. Baadaye alama ikawa 42 peke yake, kisha byf pamoja na 41 au 42 kwa mwaka. Krieghoff, pia wa Suhl, alitengeneza kwa ajili ya jeshi la anga na utamtambua kwa nanga. Bastola ya Walther P38 ilikwisha kupitishwa mwaka 1938 kuirithi Luger, kwa kuwa Luger ilikula muda mwingi wa fundi na gharama kubwa.

Utasikia wauzaji wakiita zile za byf zenye vibao vyeusi vya plastiki kwa jina la kutisha la mdudu buibui, Black Widow. Jina hilo lilibuniwa na wafanyabiashara baada ya vita ili kupandisha bei. Hakuna mwanajeshi wa Ujerumani aliyelijua.

Yangu ina miaka miwili, 1917 na 1920. Ipi ni sahihi?

Zote mbili. 1917 ni mwaka wa kutengenezwa. 1920 iligongwa juu yake baadaye kuonyesha kwamba ni mali halali ya jeshi jipya, katika kipindi ambacho serikali ilikuwa ikikusanya silaha zilizozagaa kwa raia. Wakusanyaji wapya huona kama dosari. Mimi naipenda zaidi hiyo kuliko yenye mwaka mmoja, kwa sababu inakuambia kwamba bastola ilinusurika vita, mapinduzi na msako, kisha ikarudi kazini.

Kuna alama mbele ya mpini kama 83.R.3.12. Ni nini?

Umebahatika. Hiyo ni alama ya kikosi. Kwa kanuni za jeshi la Kaisari wa Ujerumani, husomwa hivi: kikosi cha 83 cha askari wa miguu, kombania ya 3, silaha namba 12. Herufi hubadilika kulingana na aina ya kikosi, iwe farasi, mizinga au wengineo, na herufi ya mwandiko wa kulala huweza kumaanisha kitu tofauti na ile iliyosimama. Ipige picha kwa mwanga wa pembeni, kwani mwanga wa moja kwa moja hufuta vivuli na alama isiyogongwa kwa nguvu hupotea.

Kutoka hapo unaweza kufuata kikosi: kilipigana wapi, mwaka gani, dhidi ya nani. Kumpata mtu mmoja aliyeibeba ni suala jingine. Kumbukumbu nyingi za jeshi la Prussia ziliungua Potsdam katika shambulio la mabomu la Aprili 1945. Za Bavaria zimesalia mjini Munich, na nyaraka za kijeshi za serikali kuu zipo Freiburg. Kwa hiyo mtu mwenye bastola ya kikosi cha Bavaria ana matumaini makubwa zaidi kuliko mwenzake.

Nimeambiwa Luger yenye mtutu mrefu ni ya wanamaji. Ni kweli?

Pima kwanza. P08 ya kawaida ina mtutu wa milimita 100. Ya wanamaji, Pistole 04, ina milimita 150 na kilengeo cha nyuma chenye nafasi mbili, mita 100 na mita 200. Ile yenye mtutu wa milimita 200, na kilengeo kinachopanda hadi mita 800 juu ya mtutu wenyewe, ni ya vikosi vya mizinga. Hiyo ndiyo iliyokuja kupewa magazini ya duara ya risasi 32. Mita 800 kwa bastola ni ndoto, hata ikiwa na kitako cha mbao.

Aina hizi mbili ndefu hughushiwa kuliko zote, kwa kuwa mtutu hubadilishwa kirahisi na faida ni kubwa. Katika ya wanamaji tafuta taji juu ya herufi M, chapa ya ukaguzi wa jeshi la majini.

Babu alikuwa askari wa Mjerumani. Je, Luger hii ilitoka Vita vya Kwanza huku Afrika Mashariki?

Swali hili huulizwa na watu wa Tanga, Lindi, Songea na hata wajukuu walioko ughaibuni, na linastahili jibu la pole lakini la kweli.

Askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walibeba bunduki. Wengi walianza vita na Mauser za mfano wa 1871, zile za baruti nyeusi ambazo moshi wake ulimwonyesha adui mahali mpiga risasi alipolala. Bastola ilikuwa ya afisa na ya baadhi ya Wazungu wa vyeo vya chini. Hivyo, hata kama babu alipigana Tanga mwezi Novemba 1914 na simulizi la familia ni la kweli kabisa, bastola yenyewe ilikuwa ya mtu mwingine kabla haijafika mikononi mwake. Aliiokota, alipewa au aliinunua, na hapo ndipo pa kuwauliza wazee.

Njia zilizoweza kuileta ni kadhaa. Manowari Königsberg ilikwama katika delta ya Rufiji na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915, na mabaharia wake wakajiunga na mapigano ya nchi kavu pamoja na mizinga ya meli. Bastola inayodaiwa kutoka kwao inatarajiwa kuwa ile ya wanamaji: milimita 150, taji na M. Anayekuuzia P08 fupi ya mwaka 1917 kwa jina la Königsberg anakuuzia hadithi, maana meli ilikwisha kuzama miaka miwili kabla bastola haijatoka kiwandani.

Njia ya pili husahaulika. Ureno nayo ilinunua Luger kwa jeshi lake, za milimita 7.65, zikiwa na alama ya Mfalme Manuel wa Pili, yaani herufi M na tarakimu 2 chini ya taji, na kwenye kichomoa ganda zimeandikwa CARREGADA badala ya GELADEN. Mwishoni mwa 1917 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, alivuka Ruvuma, akawapiga Wareno Ngomano na kuchukua silaha zao. Kwa hiyo kwa Luger iliyotokea kusini mwa Tanzania au kaskazini mwa Msumbiji, soma kichomoa ganda kabla ya kusema neno Mjerumani. Wakati von Lettow-Vorbeck alipojisalimisha Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, silaha nyingi walizokabidhi zilikuwa zile walizoteka kwa Waingereza na Wareno.

Jambo la mwisho kuhusu babu: kama ni bastola yenye silinda inayozunguka ya risasi sita, kubwa na nzito, si Luger. Inaweza kuwa Reichsrevolver ya 1879 au 1883, iliyotangulia P08 katika jeshi la Ujerumani.

Nimeona moja yenye tarakimu za Kiajemi. Ni bandia?

Si lazima. Mauser ilitengeneza Luger kwa ajili ya Iran katika miaka ya 1930, zikiwa na nembo ya simba na jua na namba zilizoandikwa kwa tarakimu za Kiajemi. Msomaji aliyepita chuo cha Kurani ana faida hapa: atasoma namba na kukagua kama vipande vinalingana, wakati wauzaji wengi wa Ulaya hutegemea jedwali. Nchi nyingine zilizozinunua ni pamoja na Uholanzi, Bulgaria na Finland, na Uswisi iliendelea kujitengenezea mjini Bern.

Nitatambuaje iliyopakwa rangi upya au iliyoghushiwa?

Anza na kingo. Fundi wa DWM aliacha kingo kali na bapa zilizonyooka. Gurudumu la kung'arishia huziviringa. Tazama ndani ya herufi zilizogongwa: zikiwa na kina hafifu, na kingo zake zimelainika kana kwamba zimeoshwa, chuma kimesuguliwa. Katika bastola za zamani, vipande vidogo kama kifyatulio vilichomwa hadi vikawa na rangi ya majani makavu, na Mauser iliacha utaratibu huo yapata 1937. Bastola ya 1914 yenye kifyatulio cheusi imeguswa na mtu. Kuna pia mstari mdogo unaokatiza pale mtutu unapokutana na sehemu ya juu; nusu zake mbili zinatakiwa zikutane. Zisipokutana, mtutu umefunguliwa.

Lakini kupakwa upya si lazima kuwe ulaghai. Wasovieti waliteka Luger nyingi sana, wakazifungua kwa mafungu, wakazipaka rangi na kuziunganisha bila kujali namba. Wafaransa waliokuwa wakiikalia Oberndorf baada ya 1945 waliunganisha nyingine kutokana na vipande vilivyobaki kiwandani. Hizo ni historia halali, ila ziuzwe kwa jina lake.

Alama za SS, kikosi cha Wanazi, ziogope. Ni rahisi kugonga, na tamaa ya wanunuzi ni kubwa.

Niisafishe ing'ae?

Hapana. Mafuta mepesi ya bunduki na kitambaa laini, basi. Usitumie msasa, pasta ya kung'arishia wala dawa ya kuondoa kutu inayouzwa kwa magari. Rangi ya asili ikishaondoka hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, usiihifadhi ndani ya ala yake ya ngozi: ngozi hushika unyevu na kemikali zake hula chuma. Ala itunzwe pembeni, na usiitupe, kwani ndani ya kifuniko mara nyingi kuna chapa ya mshonaji, mji na mwaka.

Ni karatasi gani zitunzwe pamoja na bastola?

Leseni kwanza. Kisha chochote chenye tarehe na namba ya silaha: risiti ya mnada, barua, picha ya zamani inayoonyesha ala kiunoni. Wanajeshi wa Marekani walioleta Luger nyumbani kutoka Vita vya Pili walipewa cheti kilichosainiwa na afisa. Cheti chenye namba inayolingana na bastola huongeza thamani kuliko ala na magazini ya pili kwa pamoja. Magazini ya pili, kwa njia, hujulikana kwa alama ya kujumlisha iliyogongwa kwenye kitako chake kando ya namba, na kuipata iliyozaliwa pamoja na bastola ni nadra.

Simulizi la familia liandike pia, lakini kwenye karatasi yake: nani alisimulia, lini, na alisikia kwa nani. Andika maneno yake yalivyo, hata pale yanapopingana na chuma. Kisha kwenye karatasi nyingine orodhesha kila chapa uliyoiona, ilipo na umbo lake, pamoja na picha, bila kuongeza tafsiri. Mtu atakayeirithi bastola baada yako anaweza kuwa na vitabu bora kuliko vyako, na atahitaji ulichokiona zaidi ya ulichodhani.